Moto Unaopotea Injini Ikipata Joto: Simulizi ya Pikipiki ya Mwaka 1972

Pikipiki ninayoizungumzia hapa ilitengenezwa mwaka 1972. Injini yake ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, ujazo wake ni sentimita za ujazo 350, umeme wake ni wa volti 12, na kila silinda ina vifaa vyake vya kutengeneza cheche: platini (vipande viwili vya chuma vinavyofungana na kufunguka ili kukata umeme), kondensa na koili. Nilipoipata ilikuwa imekaa miaka mingi bila kutumika. Nikaisafisha, nikaitia betri mpya, ikawaka kwa kiki ya tatu, nami nikaamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kila nilipoiendesha kwa dakika 20 hivi, silinda ya kushoto ilianza kukosa moto, kwanza mara mojamoja, kisha mfululizo, hadi pikipiki ikawa inavutwa na silinda ya kulia peke yake. Nikisimama na kuiacha ipoe kwa robo saa, silinda zote mbili zilirudi kazini kana kwamba hapakuwa na jambo lolote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuilaumu kabureta ya kushoto, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Sikulifanya kwa uzembe, kwa kuwa nilikuwa na ushahidi mkononi, au ndivyo nilivyodhani. Kila nilipoifungua plagi ya kushoto, yaani kile kifaa kinachorusha cheche ndani ya silinda, baada ya hitilafu niliikuta nyeusi, imelowa, inanuka petroli, na mtu yeyote aliyewahi kusoma rangi za plagi angesema kwamba mafuta yanaingia kwa wingi kuliko hewa. Nilitumia Jumamosi tatu nikiifungua kabureta hiyo, nikizibua vijitundu vyake, nikipima kimo cha boya, nikiifunga na kuirudia tena. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba plagi isiyopata cheche hulowa vilevile, kwa sababu petroli inaendelea kuingia kwenye silinda na hakuna cha kuiunguza. Plagi iliyolowa inakuambia kwamba petroli imefika na haikuungua. Haikuambii kwa nini haikuungua.

Kulikuwa pia na dalili nyingine ambayo ningeitilia maanani mapema ningejiokolea siku nyingi. Injini inayokosa mafuta hufifia: nguvu zinapungua taratibu, inakohoa, na ukizungusha mkono wa mafuta ili iende kasi inazidi kulegea. Injini inayokosa umeme hukata ghafla, kama taa iliyozimwa, na inaweza kurudi ghafla vilevile. Silinda yangu ilikuwa inakata. Hitilafu ya mafuta inayofanana zaidi na hii ni tundu la hewa la kifuniko cha tangi likiziba, kwa sababu nayo huja baada ya mwendo wa muda fulani na kuondoka baada ya mapumziko. Hiyo nilikuwa nimeshaiondoa kwenye orodha kwa kuendesha na kifuniko kikiwa kimelegezwa, na hata hivyo tangi moja linalolisha kabureta mbili halina sababu ya kuionea silinda moja.

Kosa la pili lilikuwa kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Niliweka plagi mpya, hali ikabaki ileile. Nikanunua koili mpya, nikaifunga upande wa kushoto, hali ikabaki ileile, isipokuwa sasa nilikuwa nimeongeza kitu kigeni kwenye mfumo bila kukipima. Habari ya koili hiyo nitairudia, kwa maana haikuwa imekaa pale bure.

Ni vizuri nieleze kwa ufupi jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu ni pale nilipokaa chini nikauchora kwenye karatasi ndipo uchunguzi wangu ulipoanza kuwa na mwelekeo. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo na swichi ya kuzimia iliyoko kwenye usukani, kisha huingia kwenye uzi mnene wa koili na kutokea kwenye platini, ambazo zikiwa zimefungana huupeleka kwenye bodi ya pikipiki. Wakati huo koili inajaza nguvu ya sumaku. Kamu, kigogo chenye nundu kinachozunguka pamoja na injini, inapoinua mkono wa platini na kuzitenganisha, mkondo hukatika, nguvu ya sumaku huporomoka, na ndani ya uzi mwembamba wa koili huzaliwa maelfu ya volti yanayoruka kwenye ncha za plagi. Kondensa imefungwa sambamba na platini. Kazi yake ni kuumeza ule mkondo ambao haupendi kukatika, ili usiruke kama cheche kwenye platini zenyewe. Bila kondensa nzuri mkondo hukatika kwa kusuasua, na koili haiwezi kutoa volti inayotakiwa. Mpango huu kimsingi ni uleule wa Charles Kettering wa Marekani, ambao ulianza kufungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1910, na sioni aibu kusema kwamba naupenda kwa sababu kila sehemu yake inaonekana kwa macho na kushikika kwa vidole.

Mwenye pikipiki ya silinda mbili ya aina hii ana bahati ambayo mwenye silinda moja hana: ana nakala nzima ya mfumo iliyo salama, na anaweza kuitumia kama kipimo. Nilihamisha plagi ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto, nikaendesha hadi hitilafu ikatokea. Ikatokea kushoto. Nikabadilishana koili, maana yake nikahamisha nyaya zinazokwenda kwenye platini pamoja na nyaya za plagi, ili koili iliyokuwa ikihudumia kushoto ihudumie kulia, nikaendesha tena kwa dakika 20. Bado kushoto. Kwa safari mbili ambazo hazikuhitaji kifaa hata kimoja kipya, nikawa nimeziondolea hatia plagi, kofia za plagi, nyaya zake na koili zote mbili. Kilichobaki upande wa kushoto kilikuwa platini, kondensa na waya mfupi unaoviunganisha. Sharti la njia hii ni kuhamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuandika, kwa kuwa baada ya safari ya tatu kichwa huanza kuchanganya kulia na kushoto, na ukishachanganya umepoteza yote uliyoyapata.

Nilifungua kifuniko cha platini. Za kulia zilikuwa na uso wa kijivu uliosawazika. Za kushoto zilikuwa na kilima kidogo upande mmoja na shimo upande wa pili, na pembeni mwake palikuwa na vumbi jeusi lenye rangi ya samawati kwa mbali. Nilipitisha fila, kipimo cha majani membamba ya chuma, kati yake. Nafasi inayotakiwa kwenye injini hii ni kati ya milimita 0.3 na 0.4, lakini jani la 0.25 lilipita kwa shida. Hapa kuna mtego ambao nilikuwa nimeshawahi kuingia. Platini zikiwa na kilima, fila hulala juu ya kilima na kukudanganya kuhusu nafasi halisi, hivyo lazima uso usawazishwe kwanza kwa kitupa laini, wala si kwa msasa mkavu unaoacha chembe zake ndani ya chuma. Baada ya kusawazisha, nilipitisha kipande cha karatasi safi kati ya platini zikiwa zimefungana, nikakivuta, nikarudia hadi kikatoka cheupe. Hatua hii huonekana ya kipuuzi, lakini utando wa mafuta usioonekana kwa macho unatosha kabisa kuzuia volti 12.

Nafasi ya platini huwekwa kabla ya kuweka taimingi, yaani wakati hasa wa cheche kuruka, na utaratibu huo si wa hiari. Kisigino cha mkono wa platini kinapolika kwa kusuguana na kamu, nafasi hupungua, platini huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa. Ukiweka taimingi kwanza kisha ukabadilisha nafasi, umeiharibu taimingi uliyoiweka. Kwa taimingi yenyewe nilitumia balbu ndogo ya volti 12, waya mmoja ukiwa kwenye ncha ya platini na mwingine kwenye bodi, ufunguo ukiwa umewashwa. Platini zikifungana umeme hupita njia fupi na balbu inabaki gizani; zikifunguka hata kwa unene wa nywele, balbu inawaka. Nikaizungusha injini polepole kwa spana hadi balbu ikawaka, nikatazama kama alama ya rota, sehemu inayozunguka pamoja na injini, imelingana na alama ya bodi, nikasogeza bamba la platini kidogokidogo hadi zikalingana. Ni kazi ya dakika 10 ambayo siku ya kwanza ilinichukua saa mbili.

Pikipiki ilitulia kwa siku nne, kisha hitilafu ikarudi, na nilipofungua kifuniko nikaona kilima kidogo kimeanza kuota mahali palepale. Platini zilikuwa zinaumia kwa sababu ya kitu kingine.

Kati ya hapo na jibu kuna tukio ambalo nalieleza ili mwingine asilirudie. Nilitaka kuiona cheche ya kushoto injini ikiwa ya moto, basi nikaifungua plagi, nikaivika kofia yake, nikailaza juu ya kichwa cha silinda karibu kabisa na tundu lake, nikapiga kiki. Silinda ilikuwa imejaa petroli ambayo haikuungua. Mvuke ulipulizwa nje ya tundu ukakutana na cheche, na ulimi wa moto wa rangi ya samawati ukatoka hadi karibu na tangi, ukaniunguza vinyweleo vya mkono, ukazimika wenyewe. Tangu siku hiyo plagi ya majaribio naiegemeza mbali na tundu, na tundu naliziba kwa plagi nyingine. Zaidi ya hatari hiyo, jaribio lenyewe halitegemeki sana: mchanganyiko uliobanwa na pistoni ni mgumu zaidi kwa cheche kuupenya kuliko hewa ya wazi, hivyo plagi inaweza kutoa cheche nzuri mkononi na kushindwa kabisa ndani ya silinda. Siku hizi natumia pengo la wazi la milimita 6 au zaidi. Koili inayoliruka bila kusita inaaminika zaidi kuliko ile inayoruka pengo dogo la plagi.

Shida kubwa ya hitilafu ya joto ni kwamba inapotokea hauko mahali pa kuipima, na ukifika kwenye mita imeshapoa na kila kitu kinasoma vizuri. Nilikuwa nimeshaipima kondensa ya kushoto ikiwa baridi na kupata mikrofaradi 0.24, kipimo kisicho na dosari. Basi nikaamua kulipeleka joto kwenye vifaa nikiwa nimekaa navyo, badala ya kuvipeleka vifaa kwenye safari. Nilimwomba mdogo wangu anishikie mashine ya kukaushia nywele, tukaiwasha pikipiki jioni nje, penye hewa ya kutosha, taa zote zikiwa zimezimwa na kifuniko cha platini kikiwa kimefunguliwa. Injini ikiwa baridi, platini zote mbili zilionyesha vicheche vidogo sana, vya kuonekana kwa kukaza macho tu. Nikamwelekeza aipulizie koili ya kushoto kwa dakika tano. Hakuna kilichobadilika. Akahamia kwenye waya wa platini, tukautikisa na kuukunja, hakuna. Akaelekeza hewa ya moto kwenye kondensa ya kushoto, kopo dogo lisilozidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na kabla dakika tatu hazijatimia akasema, “Kaka, huku ndani panawaka.”

Palikuwa panawaka kweli. Platini za kushoto zilikuwa zinatoa mwanga mweupe wenye samawati, mkubwa kiasi cha kuangaza bamba lote, na papo hapo mlio wa injini ukabadilika: silinda ya kushoto ikaanza kuruka. Nikamwambia aondoe mashine. Tukasubiri, tukapuliza kwa mdomo kama watoto wanaopoza uji, na baada ya dakika kadhaa mwanga ukapungua na silinda ikarudi. Tukarudia mara mbili zaidi kwa sababu sikutaka kuamini jibu kwa mara moja, na mara zote mbili likawa lilelile. Upande wa kulia tuliupuliza kwa dakika kumi bila mabadiliko yoyote.

Kilichonisumbua baada ya furaha hiyo kilikuwa ile 0.24 ya mita. Mita ilikuwa sahihi, na kondensa ilikuwa mbovu, na mambo hayo mawili yanaweza kuishi pamoja. Mita ya mkononi hupima kondensa kwa volti chache tu, wakati platini zinapofunguka kondensa hupokea mapigo ya volti 200 hadi 300. Ngozi ya kuhami iliyochoka inaweza kuvumilia volti chache milele na kupasuka kwa volti mia mbili, hasa ikiwa na joto. Niliweka kondensa mbili mpya, na nikazihamisha kutoka pembeni mwa bamba la platini hadi chini ya tangi kwa waya mfupi, mahali ambapo hewa inapita.

Sasa ile koili mpya. Nilipokuwa nikiweka mambo sawa, nilizipima koili zote tatu zikiwa baridi, nikitoa kwanza ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, ambao kwenye vipimo vidogo namna hii si jambo la kupuuza. Za asili zilisoma omu 4.6 na 4.5. Ile mpya ilisoma 3.0. Ilikuwa koili ya mfumo wa kielektroniki, usiotumia platini, na kwenye platini ilikuwa inavuta ampea 4 na zaidi mahali palipokusudiwa chini ya 3, yaani nilikuwa nimeiongezea moto platini ambayo tayari ilikuwa inaungua kwa ajili ya kondensa. Nikaitoa, nikarudisha ya asili, ambayo haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Kwa anayepima koili ya moto, ajue kwamba ukinzani wa shaba hupanda kwa takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo koili iliyopata joto la nyuzi 60 zaidi itasoma omu 5.6 hivi badala ya 4.5, na hilo si ugonjwa.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo habari ilipoishia, ila wiki mbili baadaye, usiku, taa kubwa ikiwa imewaka, silinda zote mbili zilianza kukata kwa pamoja. Hii ilikuwa habari tofauti, na safari hii sikugusa bisibisi kabla ya kufikiri. Pande mbili zikishikwa kwa wakati mmoja, tatizo liko mahali zinapochangia, yaani kabla ya umeme kugawanyika kwenda kwenye koili. Nilipima volti kwenye mlango wa koili nikapata 12.6, sawa na betri, na nilikaribia kuondoka nikiwa nimeridhika. Bahati nzuri niliona kwamba platini zote zilikuwa wazi. Mkondo usipopita, hata waya unaoshikilia kwa uzi mmoja utaonyesha volti kamili. Nikaizungusha injini hadi platini za kushoto zikafungana, nikawasha taa kubwa, nikapima upya: betri 12.2, koili 10.3. Volti 1.9 zilikuwa zinapotea njiani. Kwa kuwa nguvu inayohifadhiwa kwenye koili hufuata mraba wa mkondo, upungufu huo uliondoa zaidi ya robo ya nguvu ya cheche. Kipimo hiki hufanywa haraka na ufunguo huzimwa mara moja, maana koili iliyoachwa na platini zimefungana injini ikiwa imesimama huchemka hadi kuharibika.

Kutafuta volti zilizopotea ni kazi nyepesi ukishajua njia yake: unaweka ncha moja ya mita upande mmoja wa swichi na ya pili upande wa pili, mkondo ukiwa unapita, na mita inakusomea moja kwa moja kiasi kinacholiwa na swichi hiyo. Swichi nzuri husoma karibu na sifuri. Swichi ya ufunguo ilikula 0.6, swichi ya kuzimia ikala 1.1, na viungio vya nyaya vikagawana 0.2 iliyobaki. Niliifungua swichi ya kuzimia juu ya kitambaa cheupe, kwa kuwa ina springi na kigololi vinavyopenda kuruka, nikakuta vibamba vyake vya shaba vimefunikwa na kutu ya kijani na grisi iliyokauka ikawa kama gundi. Nikavisugua hadi vikang'aa, nikapaka grisi kidogo mpya, nikafanya vivyo hivyo kwa ile ya ufunguo kadiri nilivyoweza kuifikia. Kipimo cha mwisho, platini zikiwa zimefungana na taa ikiwaka, kilikuwa 11.8 kwenye koili.

Wapo walionishauri niondoe platini zote na kuweka mfumo wa kielektroniki, na ushauri huo si mbaya kwa anayetaka kusafiri tu. Teknolojia hiyo yenyewe si ngeni, maana pikipiki ya Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ilikuwa nayo tayari. Ila ningeifunga kabla ya kuisafisha swichi ya kuzimia, kifaa kipya kingepewa volti 10.3 zilezile, na ningeanza kukilaumu.

Kondensa ya zamani sikuitupa. Siku moja nikiwa sina kazi niliikata kopo lake kwa msumeno mdogo, nikakunjua utepe uliozungushwa ndani, tabaka za karatasi na foili nyembamba kuliko ganda la kitunguu, zikatandazika mezani kwa urefu wa mikono yangu miwili. Karibu na mwisho wa utepe, nilipokuwa nimeshakata tamaa ya kuona chochote, palikuwa na doa la kahawia lenye tundu katikati. Nililiinua kwenye dirisha na mwanga ukapita.